Uso wa Baba Katika Kitabu cha Kusomea

Mke wangu alikirusha kitabu nje ya dirisha siku ya Jumanne, saa kumi na moja jioni, akiwa amefika ukurasa wa kumi na moja. Hakukirusha kwa hasira. Alikirusha kama mtu anavyorusha kaa la moto lililomwangukia mapajani, kisha akajifunika kichwa kwa kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kukaa katikati ya mahindi. Nilikuwa mezani nikichonga penseli. Niliandika saa kwenye daftari, maana ndivyo nilivyozoea kufanya linapotokea jambo nisilolielewa, halafu nikatoka kwenda kuokota kitabu.

Tulikuwa tunakaa Mbeya, miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika karakana moja ya serikali. Shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyajua kwa kusoma magazeti yaliyokuja yamefungiwa vipuri, na kwa kamusi ya Kiingereza niliyoinunua ikiwa imechanika mwishoni, ndiyo sababu mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanza na W yananisumbua.

Kitabu kilikuwa cha kusomea, cha watu wanaoanza, kurasa thelathini na mbili, kilichopigwa chapa miaka mingi nyuma na misheni moja upande wa Iringa. Mke wangu alikuwa akijifunza kusoma kwa sababu hospitali ilitangaza kuchukua wanawake wa kufundishwa ukunga. Majirani wengi alikuwa ameshawazalisha, na hakuna mama hata mmoja aliyemfia mikononi. Lakini hospitali ilitaka mtu anayeweza kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Mtihani ulikuwa baada ya wiki sita: kukaa mbele ya matroni, kufungua kitabu hicho hicho, kusoma kwa sauti, na kujibu maswali kuhusu picha. Tangazo lilisema wazi kwamba wengine hawatachukuliwa mpaka ipite miaka mitatu, na kwamba mwenye zaidi ya miaka thelathini na miwili asijisumbue. Mke wangu alikuwa na thelathini na mmoja.

Nilimkuta kwenye mahindi amekaa ameupa mgongo upande wa nyumba. Nikamuuliza kuna nini.

"Yumo," alisema.

"Nani?"

"Yule. Yumo ndani ya kitabu. Amesimama na jembe."

Kwetu Unyakyusa mke hamwangalii baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja, hapiti njia anayopita yeye, hamtaji. Akimwona anakuja, hujificha migombani mpaka apite. Si chuki. Ni heshima, na mzee naye ana wajibu wake: anapokaribia nyumba hukohoa, ili mkwe apate nafasi ya kuondoka. Wachungaji wetu walikuwa wameshasema mara nyingi kwamba kuiacha desturi hii si dhambi. Mke wangu aliitikia amina kanisani, akirudi nyumbani akaendelea kukimbia. Siku moja mjini alimwona baba kwa mbali, akajitosa katika duka la Mhindi na kujificha nyuma ya majora ya vitambaa. Alitoka na yadi tatu za kitambaa cha mapazia, kwa sababu mwenye duka alidhani anachagua.

Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili kwa ajili hiyo. Mwaka huo mambo yalikuwa magumu zaidi, maana baba alikuwa amekuja kutoka Rungwe, akakaa katika kibanda cha uani pamoja na ndama wake, ili atibiwe kifua. Ugonjwa wake ulikuwa kikohozi. Kwa hiyo alikuwa akikohoa mchana kutwa, na mke wangu hakuweza kujua kikohozi kipi ni cha ugonjwa na kipi ni cha heshima, akawa anavikimbia vyote. Nilihesabu Jumapili moja: alitoka kwa mlango wa nyuma mara kumi na saba, na mara moja tu ndiyo baba alikuwa anakuja kweli.

Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote makini angeliuliza. Kama kwa miaka kumi na miwili hajawahi kumwangalia baba, amejuaje kwamba aliye kitabuni ni yeye?

Alinitazama kama mtu anayesikitikia elimu yangu yote.

"Mtu unayemkimbia lazima ujue anafanana vipi, baba watoto. La sivyo utamkimbia nani?"

Nilirudi ndani, nikafungua ukurasa wa kumi na moja. Maneno yalisema: Baba analima. Baba ana jembe. Nikachukua kioo cha kukuzia, kile nilichotumia kazini kusoma namba za vipuri. Ni kweli. Uso ulikuwa wa baba yangu mzazi, na kovu la kwenye nyusi na mdomo wa mtu anayesubiri umalize kusema ili akatae.

Lakini kile nilichoendelea kukitazama hakikuwa uso. Masikio yalikuwa yamechorwa kama vishikio vya kikombe. Jembe lilikuwa limesimama, na mikono ya mkulima ilipotea nyuma ya mpini na nyuma ya nyasi, bila kidole hata kimoja kuonekana. Na pembeni kulikuwa na mbwa anayetoka nje ya picha, amebaki mkia na miguu ya nyuma. Nilimjua mbwa yule.

Kwa miaka minne nilikuwa nikikata na kuhifadhi picha za kuchekesha zilizotoka kila mwezi katika gazeti moja la Kiswahili. Zilimhusu bwana mnene mwenye mwavuli aliyekuwa akijaribu kuvuka barabara, na kila mwezi kitu kingine kilimzuia: kondoo, harusi, mkutano wa hadhara, mti uliopandwa hapo hapo akisubiri. Mbeya nzima ilimpenda bwana huyo. Mchoraji hakutia jina, ila konokono mdogo kwenye kona. Nilikuwa nazo arobaini na sita, zimebandikwa kwa utaratibu wa miezi. Na katika zote arobaini na sita hakukuwa na kiganja hata kimoja cha mtu. Mikono ilikuwa mifukoni, mgongoni, ndani ya magunia. Na katika nyingi mbwa alikuwa akiondoka.

Nikakipitia kitabu chote. Somo la tano, Tunanawa mikono: watoto watano wamezunguka karai, mikono imezama ndani mpaka viwiko. Somo la tisa, Mkono una vidole vitano: picha ya mtu aliyefungwa bandeji. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kitabu kilichokuwa kikisomwa na maelfu ya watu bila yeyote kukitazama kilikuwa kazi ya kwanza ya mchoraji wa yule bwana wa mwavuli, na mtu pekee duniani aliyelijua hilo alikuwa mimi. Nilianza papo hapo kumwandikia mhariri wa gazeti barua ya kumweleza. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili wa barua nilipokumbuka kwamba mke wangu bado yuko kwenye mahindi.

Tulijaribu njia za kawaida. Nilibandika karatasi ya kaki juu ya picha ile, lakini matroni angetumia nakala yake mwenyewe, na nakala yake ilikuwa na baba. Nikapendekeza asome akiwa amefumba jicho la upande wa picha. Alijaribu siku mbili, akaanza kuumwa kichwa. Hakukuwa na kitabu kingine kilichokubaliwa kwa mtihani. Siku zilikuwa zinakwenda, na yeye alikuwa amesimama palepale, ukurasa wa kumi.

Hapo nikaona kwamba mambo yetu mawili yalikuwa jambo moja. Mchoraji ndiye aliyejua alimchora nani. Akisema ni mtu mwingine anayefanana na baba, basi picha si ya baba, na mke wangu anaweza kuitazama kama anavyotazama mtu yeyote mwenye jembe. Niliandika gazetini kuuliza anakopatikana, bila kutaja nilichokivumbua. Wakajibu kwamba picha huja kwa posta kutoka Iringa, kupitia kwa fundi cherehani wa karibu na soko. Nikaomba likizo ya wiki moja, nikapanda basi.

Njia ilikuwa na matope na tulifika siku ya pili mchana. Fundi cherehani alinielekeza uwanja wa malori. Mchoraji alikuwa mtu mwembamba wa Kihehe, amesimama juu ya bampa la lori, anaandika kwa rangi nyekundu neno POLEPOLE juu ya kioo cha mbele. Nilimwamkia kwa Kihehe kidogo ninachokijua, "Kamwene," akaitika bila kugeuka. Nikamwambia nimetoka Mbeya kwa ajili ya picha zake za kitabu cha kusomea.

"Kitabu gani?" alisema. "Mimi naandika malori."

Nikakiweka kitabu juu ya boneti, na kando yake picha sita za bwana wa mwavuli nilizokuja nazo kama ushahidi. Nikamwonyesha masikio. Akasema masikio yote yako hivyo. Nikamwonyesha mikono. Akasema watu wengi huweka mikono mifukoni kwa sababu Iringa ina baridi. Nikamwonyesha mbwa, mmoja baada ya mwingine, saba kwa jumla.

Akaweka brashi chini.

"Huyo mbwa nilishindwa kichwa," alisema. "Mpaka leo nashindwa."

Baada ya hapo alizungumza kwa urahisi, tumekaa kwenye kivuli cha lori. Alisema katika maisha yake alichora kitabu kimoja tu kwa moyo wote, na ni hicho. Wale wa misheni walimrudishia nakala moja pamoja na maneno kwamba watoto wanacheka badala ya kusoma. Aliona aibu, akaomba jina lake lisitiwe. Miaka ikapita kabla hajafikiri kwamba kama watu wanacheka anapochora mkulima, huenda wakalipa akichora kitu cha kuchekesha. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu kitabu hicho, na alidhani nakala zote zimeshaliwa na mchwa.

Nikamuuliza mkulima wa ukurasa wa kumi na moja ni nani.

"Mzee mmoja wa Rungwe. Walinituma kule nikachore maisha ya watu. Nilikaa kwake wiki mbili. Kijana wake alikuwa Chunya kwenye dhahabu."

Kijana wa Chunya nilikuwa mimi. Sikumwambia wakati huo.

"Alikuwa mtu mgumu," aliendelea. "Alikubali nimchore uso, lakini mikono alikataa. Aliniambia: uso chukua, mikono ninaitumia. Na kweli, haikutulia hata dakika moja. Kwa hiyo mikono sikujifunza."

"Na watu wengine wa kitabuni?"

"Wengine wapi? Nilikuwa na mtu mmoja."

Nilimwomba tuende ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu wa somo la saba: ni yeye, amevishwa miwani. Mwenye duka: ni yeye. Askari: ni yeye, na kofia. Tulipofika ukurasa wa ishirini na nne, Bibi anasuka mkeka, nilisita.

"Bibi pia," alisema. "Nilimvika kitambaa."

"Na fisi?"

Akafikiri kwa uaminifu.

"Fisi nilimbadilisha masikio."

Niliandika orodha kamili: kurasa kumi na tisa kati ya thelathini na mbili. Ndipo nikamweleza mimi ni nani na shida yangu ni nini. Alisikiliza vizuri sana, kisha akasema hilo halina taabu, atanipa barua yenye sahihi na konokono kwamba mtu huyo ni mjomba wake wa Ilula, marehemu. Alikuwa tayari hata kumtafutia mjomba sababu ya kifo. Nilishika kalamu nimpe. Lakini nilikuwa nimesafiri kote kule kutafuta ukweli kuhusu picha zile, na nilikuwa nimeupata, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikuweza kukubali uongo uandikwe juu yake. Niliagana naye, nikarudi Mbeya bila barua.

Nyumbani nilimsomea mke wangu orodha. Alisikiliza akiwa anachambua maharage. Nilipofika ukurasa wa ishirini na nne mikono yake ilisimama.

"Bibi pia?"

"Bibi pia."

Alikuwa akimpenda yule bibi. Baadaye niligundua kwamba kila alipochoka na ukurasa wa kumi alikuwa akifungua mbele kidogo na kumtazama bibi ili apate nguvu.

"Kwa hiyo mwanzo nilikuwa siwezi kusoma ukurasa mmoja," alisema. "Sasa siwezi kusoma kumi na tisa. Umesafiri siku nne kwenda kuniletea hiyo?"

Nikasema kwamba kuhusu fisi bado kuna mashaka. Alinyanyuka, akakibeba kitabu kwa koleo ya mkaa, akakiweka juu ya kabati. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye haendi kwenye mtihani, na kwamba mwakani atakuwa na miaka thelathini na miwili, na baada ya hapo thelathini na mitatu. Akarudi kwenye maharage. Nimeshamwona akilia mara kadhaa maishani, na ningefurahi kama siku ile angelia.

Kuta zetu zilikuwa za matofali mabichi na madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo lililosemwa ndani lilisikika mpaka uani. Asubuhi yake baba aliniita uani. Alitaka hicho kitabu.

Nilimpelekea. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, akakifungua, akakipitia polepole tangu mwanzo. Hakujua kusoma, kwa hiyo hakuna kilichomsumbua isipokuwa picha. Kwenye mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Kwenye askari alikaa sana. Kwenye bibi alikigeuza kitabu juu chini, akakirudisha, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyefanya. Nikamwambia, "Tata, yule kijana wa Iringa aliyekuja kuchora unamkumbuka?" Akasema anamkumbuka, alikula sana.

Akainuka, akamfuata ndama aliyekuwa amefungwa chini ya dirisha la jikoni. Jikoni mke wangu alikuwa akitwanga, tulisikia mchi. Baba akakohoa kikohozi kimoja, cha heshima. Mchi ukanyamaza, lakini mlango wa nyuma haukulia.

"Wewe ndama," baba alisema kwa sauti kubwa, "nisikilize vizuri. Nimeonyeshwa kitabu. Yumo mtu humo wanasema ni mimi. Nimemtazama mwanzo mpaka mwisho. Hana viganja. Hana kidole hata kimoja. Mimi ninavyo, vyote kumi, na hakuna aliyewahi kunichora navyo. Mtu asiye na mikono hawezi kuwa mimi. Anayetaka kumtazama amtazame mpaka achoke. Umesikia, ndama?"

Ndama alikuwa akila ganda la ndizi. Ndani ya jikoni mchi ukagonga kinu mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayeitika.

Jioni ile mke wangu alipanda kwenye kiti, akashusha kitabu kwa mikono yake, akasoma ukurasa wa kumi na moja, wa kumi na mbili na wa kumi na tatu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku tatu.

Barua yangu kwa mhariri ilikuwa imekamilika, kurasa tisa na orodha. Ilikuwa barua nzuri. Lakini haikuwezekana kueleza ugunduzi bila kumtaja aliyechorwa, na gazeti lile lilisomwa na wazee wa kanisa, na wazee wa kanisa wangelisoma kwa sauti barazani, na neno la baba lingebomoka mbele ya ushahidi wangu mwenyewe. Niliifunga barua kwa uzi nikaiweka chini ya picha za mwavuli. Leo naandika haya kwa sababu baba amelala Rungwe tangu zamani, na mke wangu ameniambia niandike nikitaka, yeye ana kazi.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye benchi la barazani hospitalini, mlango wa chumba ukiwa wazi. Matroni alikuwa mama wa Kizungu mwenye Kiswahili kilichonyooka. Mke wangu alisoma kurasa tatu bila kukwama. Kisha matroni akafungua ukurasa wa ishirini na nne na kuweka kidole juu ya picha.

"Huyu ni nani?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja. Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi. Yeye ni mtu asiyependa kusema jambo lisilo kweli, na kwa hilo tunafanana.

"Ni mtu ambaye mwenyewe amesema si yeye."

"Si yeye nani?"

"Si yeye, Mama. Amesema hivyo, na sisi tumekubali."

Matroni alikichukua kitabu akakielekeza dirishani kwenye mwanga. Alikitazama muda mrefu. Nadhani katika miaka yote ya kutahini watu kwa kitabu kile ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama picha.

"Bibi huyu ana ndevu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Hilo nalo tumeliona."

Nilisikia kalamu ikiandika kitu kirefu kuliko alama.

"Endelea kusoma," alisema matroni.

Mwezi uliofuata mke wangu alitakiwa kuhamia kwenye mabweni ya hospitali. Alikuwa na sanduku la bati, zito kwa sababu ya madaftari niliyomjazia. Asubuhi tulipoamka sanduku halikuwepo mlangoni. Baba alikuwa ameshalichukua. Tulimwona mbele yetu barabarani, hatua kama mia mbili, sanduku begani, anakwenda bila kugeuka hata mara moja. Mke wangu alijifunika kanga usoni akawa anatazama visigino vyangu. Tuliposimama kidogo kupumzika naye alisimama, sijui alijuaje. Alipofika kwenye lango la hospitali alitua sanduku, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaingia kwenye njia ya pembeni kati ya miti ya mikaratusi, na huko nyuma ya miti akakohoa, ili mkwe wake ajue kwamba sasa anaweza kupita.